Mtu Ndani ya Kompyuta: Modeli za Kidijitali za Binadamu katika Usanifu wa Vifaa na Mahali pa Kazi

Modeli ya kidijitali ya binadamu ni umbo la mtu linaloundwa ndani ya kompyuta kwa vipimo vya watu halisi, ili msanifu aweze kulikalisha kitini, kulisimamisha mbele ya mashine au kulitwisha mzigo kabla kifaa chenyewe hakijachongwa. Umbo hilo lina mifupa iliyoungwa kwa viungo, na kila kiungo kimewekewa mpaka wake: kiwiko hakipindi kwenda nyuma, shingo haizunguki mduara mzima. Juu ya mifupa huvikwa ngozi, na katika modeli za hali ya juu huongezwa misuli, kano na uzito wa kila sehemu ya mwili. Maswali linayoulizwa ni ya kawaida kabisa. Je, mkono unaifikia swichi? Magoti yanagonga ubao ulio chini ya usukani? Taa ya onyo inaonekana bila kuinama? Mgongo unabeba nguvu kiasi gani boksi linapoinuliwa kutoka sakafuni?

Maswali hayo ni ya ergonomia, taaluma inayochunguza namna ya kuilinganisha kazi na mwili na akili ya anayeifanya. Mwanasayansi wa Poland, Wojciech Jastrzębowski, aliipa jina hilo mwaka 1857, lakini taaluma yenyewe ilikuja kuota mizizi wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia na baada yake. Chama cha wataalamu wake kilianzishwa Uingereza mwaka 1949. Vita ndivyo vilivyoonyesha kwa uchungu kwamba mtu aliyefunzwa vizuri hukosea akipewa kifaa kilichosanifiwa vibaya. Marubani wa ndege za Marekani aina ya B-17 walikuwa wakitua salama, kisha wanakunja magurudumu ndege ikiwa bado ardhini, nayo inalala kifudifudi. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aligundua kwamba swichi ya magurudumu na ile ya vibawa vya kupunguzia mwendo zilifanana na ziliwekwa sambamba. Tiba ilikuwa kichwa chenye umbo la gurudumu kwenye wenzo mmoja na chenye umbo la kabari kwenye mwingine, ili vidole vitambue hata gizani. Hadi leo ndege zinaundwa kwa kufuata kanuni hiyo. Lawama iliyokuwa ikimwangukia rubani ilihamia pale ilipostahili, kwenye meza ya msanifu.

Funzo la pili lilihusu wastani, na bado halijaeleweka vya kutosha. Vyumba vya marubani vilikuwa vimejengwa kwa vipimo vya wastani vilivyochukuliwa miaka ya 1920. Ajali zilipozidi, jeshi la anga la Marekani liliamua mwaka 1950 kuwapima upya marubani wake katika kituo cha Wright, jimbo la Ohio. Luteni mmoja kijana, Gilbert Daniels, alichagua vipimo 10 vilivyohusika zaidi na kukaa ndani ya ndege, kama vile kimo, urefu wa mkono na mzunguko wa kifua, akamhesabu kuwa wa wastani kila aliyeangukia katika asilimia 30 ya katikati. Walipimwa marubani 4,063. Aliyekuwa wa wastani katika vipimo vyote 10 hakupatikana hata mmoja. Alipopunguza vipimo hadi vitatu tu, waliotimiza hawakufika asilimia 3.5. Chumba kilichosanifiwa kwa ajili ya rubani wa wastani kilikuwa kimesanifiwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Jeshi likadai viti vinavyosogezwa mbele na nyuma, pedali zinazorekebishwa na mikanda inayolegezwa au kukazwa, vitu ambavyo dereva yeyote wa gari anaviona leo kuwa ni haki yake.

Baada ya hapo wasanifu walizoea kutumia pasentaili. Pasentaili ya 5 ya kimo ni kile kimo ambacho asilimia 5 ya watu wako chini yake; pasentaili ya 95 ni kile ambacho asilimia 5 wako juu yake. Kanuni ya jumla ni kwamba nafasi ya kupita hupimwa kwa mtu mkubwa, na umbali wa kufikia hupimwa kwa mtu mdogo: mlango umtoshe aliye mrefu, rafu ifikiwe na aliye mfupi. Kanuni ni njema, ila ina shimo ambalo wengi hulikanyaga. Kila kipimo kimoja kikikatwa kati ya pasentaili ya 5 na ya 95, huachwa nje asilimia 10 ya watu. Vipimo viwili visivyohusiana vikikatwa hivyo hivyo, hubaki asilimia 81. Vikiwa vitatu, hubaki takriban 73. Katika mwili wa binadamu vipimo huhusiana kwa kiasi, kwa hiyo hasara haifiki hapo, lakini daima hupita ile 10 iliyokusudiwa. Tena anayeachwa nje si lazima awe mrefu au mfupi kupindukia. Anaweza kuwa mwanamke wa kimo cha kawaida mwenye mapaja marefu na mikono mifupi.

Hapo ndipo kompyuta ilipoleta nafuu ya kweli. Kiolezo cha karatasi kilichotumiwa kabla yake kilikuwa na uwezo wa kuonyesha mtu mmoja aliyetazamwa ubavuni. Kompyuta inaweza kuunda jamaa nzima ya watu walioko pembezoni mwa jamii inayokusudiwa, kila mmoja na mchanganyiko wake wa urefu wa kiwiliwili, wa mkono, wa paja na unene wa tumbo. Kiti kikiwafaa hao wa pembezoni, walioko kati huwa wametoshelezwa. Namna hii ya kusanifu inaheshimu watu kama walivyo.

Programu zenyewe zina historia ya zaidi ya nusu karne. William Fetter wa kampuni ya Boeing alichora kwa kompyuta umbo la rubani katika miaka ya 1960 ili kupima vyumba vya marubani. Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, kilianza kuunda SAMMIE mwishoni mwa muongo huo. Miaka ya 1980 Norman Badler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walianza kuiunda Jack, ambayo baadaye ilikuja kuuzwa na Siemens. Ujerumani, viwanda vya magari vilishirikiana na wataalamu wa Munich kuunda RAMSIS kwa ajili ya kukalisha madereva. Chuo Kikuu cha Iowa kiliunda Santos, na Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa OpenSim mwaka 2007, programu ya kuchunguza misuli na mwendo inayopatikana bure.

Jambo gumu katika programu hizi ni mkao. Mchoraji akiiamrisha modeli ishike kitasa, zipo njia nyingi sana za kukifikia: kwa kuinua bega, kwa kuinamisha mgongo, kwa kupiga hatua, au kwa kuchanganya yote. Kompyuta isiyoongozwa itachagua mkao wowote unaokubalika kihesabu, hata ule ambao hakuna mtu angeutumia. Watunzi wa RAMSIS walilitatua hilo kwa kuwachunguza madereva halisi na kuandika ni pembe zipi za viungo hutokea mara nyingi, kisha programu ikafuata mazoea hayo. Watunzi wa Santos walichukua njia nyingine: kompyuta hutafuta mkao unaoupunguzia mwili usumbufu na nguvu inayotumika. Njia zote mbili hukadiria tu. Msanifu makini huukagua mkao kwa macho yake, na akiutilia shaka humwita mtu halisi akae.

Mkao ukishapatikana, hesabu ya nguvu hufuata, na hapa mwili unafanya kazi kama mizani yenye mkono mmoja mfupi na mwingine mrefu. Misuli inayonyoosha mgongo hupita takriban sentimita 5 nyuma ya kitovu cha pingili za kiunoni. Mzigo ulioshikwa sentimita 40 mbele ya pingili hizo huilazimisha misuli ivute kwa nguvu ya takriban mara nane ya uzito wake. Mzigo wa kilo 20 unageuka kuwa mvuto kama wa kilo 160, na hapo uzito wa kichwa, mikono na kifua cha mtu aliyeinama bado haujahesabiwa. Mvuto huo wote unazibana diski zilizo kati ya pingili. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, iliweka nyutoni 3,400 kuwa kiwango ambacho mbano ukikizidi, hatari ya kuumia huanza kuongezeka. Mhandisi akiona tarakimu hiyo inapitwa kwenye skrini yake, amepata onyo ambalo zamani lilikuja baada ya miaka, kwa njia ya mfanyakazi aliyeshindwa kuinuka kitandani.

NIOSH ilitoa pia kanuni ya kunyanyua mizigo mwaka 1981 na kuifanyia marekebisho mwaka 1991, nayo imeingizwa katika programu nyingi za modeli za binadamu. Kanuni inaanza na kilo 23, uzito unaokubalika katika hali bora kuliko zote: mzigo uko karibu na mwili, mikono iko sentimita 75 kutoka sakafuni, hakuna kujipinda, mshiko ni mzuri na kunyanyua ni kwa nadra. Kila hali ikiharibika, kilo hizo huzidishwa kwa sehemu iliyo pungufu ya moja. Mfano ulio karibu ni mfuko wa saruji wa kilo 50 katika ghala lolote la vifaa vya ujenzi kutoka Mombasa hadi Mwanza. Kijana anaunyanyua kutoka chini na kuupandisha kwenye pikapu yenye kimo cha sentimita 100. Mikono imeushika sentimita 15 kutoka sakafuni, na kwa kuwa mfuko ni mpana, iko sentimita 40 mbele ya vifundo vya miguu. Umbali huo unazidisha kwa 0.63, kimo cha kuanzia kwa 0.82, safari ya juu kwa 0.87, na mshiko mbaya wa mfuko kwa 0.90. Hata kama ananyanyua mara moja tu kila dakika tano, kwa muda usiozidi saa moja, uzito unaopendekezwa ni kilo 9 na kidogo. Anachonyanyua ni zaidi ya mara tano ya hapo, na NIOSH huuona uwiano unaozidi tatu kuwa hatari kwa walio wengi.

Hesabu hiyo ina maana kubwa kuliko mfuko mmoja. Mara nyingi vijana wa maghala na masokoni huambiwa wakunje magoti na wanyooshe mgongo, kana kwamba maumivu yao yametokana na uzembe. Mfuko ukiinuliwa kwenye jukwaa la kimo cha kiuno, ukavutwa karibu na mwili, ukawekewa vishikio vizuri, kanuni bado haivuki kilo 23. Hakuna mkao unaoweza kuzihalalisha kilo 50 kwa mtu mmoja. Kinachotakiwa kubadilika ni mfuko, au chombo cha kuubebea. Uingereza mifuko ya saruji sasa ni ya kilo 25. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataja kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja mtu mzima, nacho ni kikomo cha ukarimu mno kikilinganishwa na kanuni ya NIOSH. Gunia la kawaida la mahindi nchini Kenya ni la kilo 90, na lumbesa ya Tanzania, gunia lililojazwa kupita kipimo, hupita 100. Mgongo wa hamali ndio unaolipa tofauti hiyo.

Kwa kazi za mikono zisizo na mzigo mkubwa hutumika kipimo kiitwacho RULA, kilichotolewa mwaka 1993 na Lynn McAtamney na Nigel Corlett wa Nottingham. Pembe za bega, kiwiko, kifundo cha mkono, shingo na kiwiliwili hupewa alama, na jumla huwa kati ya 1 na 7. Alama 7 inadai mabadiliko ya haraka. Katika kukitengeneza kipimo hiki walichunguzwa washonaji wa viwanda vya nguo, watu wanaoinamisha shingo juu ya sindano kutwa nzima. Viwanda vya namna hiyo vipo Athi River nchini Kenya, na wengi wa wafanyakazi wake ni wanawake. Modeli ya mshonaji ikikalishwa mbele ya cherehani kwenye kompyuta, inaonekana papo hapo kwamba kuinua meza kwa sentimita chache na kuinamisha uso wake kidogo kuelekea kwa mshonaji kunapunguza kukunjika kwa shingo. Mabadiliko hayo ni ya gharama ndogo yakifanywa kabla ya kuagiza meza 500. Yakifanywa baada ya hapo, mhasibu atayapinga.

Thamani ya mtu wa kompyuta haiwezi kupita thamani ya vipimo alivyojengewa, na historia ya magari inathibitisha hilo kwa namna ya kusikitisha. Sanamu la kujaribia ajali linalojulikana kama Hybrid III lilitolewa na General Motors mwaka 1976, likiwa na umbo la mwanamume wa takriban sentimita 175 na kilo 78. Sanamu la kike lililofuata lilikuwa kwa sehemu kubwa lile lile la kiume lililopunguzwa, ilhali fupanyonga, shingo na misuli ya mwanamke si ya mwanamume aliyefinywa. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2022 ndipo Astrid Linder na wenzake wa Sweden walipoonyesha sanamu lililojengwa kwa vipimo vya mwanamke wa wastani kwa ajili ya majaribio ya kugongwa kwa nyuma. Katika upande wa kompyuta, Toyota ilitoa modeli ya THUMS mwaka 2000, ikiwa na mifupa na baadaye viungo vya ndani, na tangu mwaka 2021 imeiruhusu itumike bure. Modeli ya namna hiyo inaweza kufanywa mwanamke, mzee au mtoto kwa gharama ndogo kuliko sanamu la chuma na mpira.

Afrika Mashariki ina pengo la namna hiyo hiyo. Hazina maarufu ya vipimo iitwayo CAESAR ilikusanywa kati ya mwaka 1998 na 2000 kwa kuwapiga picha za pande tatu zaidi ya watu 4,000 wa Amerika ya Kaskazini, Uholanzi na Italia. Hazina nyingine zinazotumiwa sana ni za wanajeshi wa Marekani. Msanifu wa Nairobi au Dar es Salaam anayefungua programu hukuta humo watu wa kwingine, na mara nyingi hufikiri inatosha kubadili kimo. Haitoshi. Tafiti nyingi za vipimo vya mwili zimeonyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika, kwa wastani, wana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi kuliko Wazungu wa kimo hicho hicho. Modeli ya Kizungu iliyofanywa kuwa na sentimita 168 itakaa macho yakiwa juu kuliko ya dereva halisi, na magoti yake yatakuwa chini kuliko ya abiria halisi. Kompyuta itasema dereva anaona vizuri juu ya usukani na abiria wa matatu ana nafasi ya magoti. Barabarani, magoti yatakuwa yamebanwa kwenye kiti cha mbele. Mabodi mengi ya matatu na mabasi huundwa humu humu Afrika Mashariki, kwa hiyo umbali kati ya kiti na kiti huamuliwa na mafundi wa hapa na kwa maslahi ya hapa. Kosa hilo halina mgeni wa kusingiziwa.

Modeli pia haichoki. Haina mawazo ya karo ya watoto, haishindi njaa, haitokwi na jasho linaloteleza kwenye mpini, wala haifanyi haraka kwa kuwa malipo ni kwa kila kipande. Hesabu za kazi inayorudiwa maelfu ya mara kwa siku bado ni dhaifu kuliko hesabu za tendo moja. Halafu kuna ujuzi wa mfanyakazi ambao hakuna aliyeuandika: mshonaji ameweka kitambaa chini ya kiwiko, dereva ameongeza mto nyuma ya kiuno, muuguzi amejifunza kumgeuza mgonjwa kwa kutumia shuka. Vitu hivyo vidogo ni ripoti za ergonomia. Anayekwenda kiwandani na kompyuta bila kuvitazama ameacha nusu ya ushahidi. Kampuni ya Ford, inayopima kazi za kuunganisha magari kwa modeli za kidijitali na kwa kunasa mwendo wa watu halisi, ilitangaza mwaka 2015 kwamba kiwango cha majeruhi kwenye mistari yake ya uzalishaji kimepungua kwa asilimia 70 tangu mwaka 2003. Takwimu hiyo ni ya kampuni yenyewe, lakini mpango unaotajwa ni wa kuheshimika: hesabu za skrini na mwili wa mtu vilipimwa pamoja, kisha mashine na zana zikabadilishwa.

Sheria haikosekani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mahali pa kazi, vifaa na kazi zenyewe vinalingana na mfanyakazi na uwezo wake, na Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2003 pamoja na wakala wa kuisimamia. Programu za bure zipo. Kinachokosekana ni vipimo, na kuvipata hakuhitaji maabara ya mamilioni: mizani, rula ndefu ya kupimia kimo, kipimo cha upana chenye taya mbili, kibao cha kukalia na wapimaji waliofunzwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 7250, kinachoeleza kila kipimo kichukuliwe wapi mwilini. Vyuo vikuu vya uhandisi na tiba pamoja na mashirika ya viwango ya Afrika Mashariki vinaweza kuigawana kazi hiyo, kuwapima wanawake kwa idadi sawa na wanaume, kuwapima wanafunzi, wazee na watu wenye ulemavu, na kuyaweka matokeo mahali ambapo fundi wa Gikomba jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam atayapata bila malipo. Aanze hata na kipimo kimoja: urefu kutoka sakafuni hadi kunjo la nyuma ya goti la mtoto wa darasa la tatu, kabla hajakata mbao za dawati.